Kabla ya main: jinsi maktaba ya C inavyousimamisha mchakato kwenye kerneli ndogo

Wanafunzi wa lugha ya C hufundishwa tangu somo la kwanza kwamba programu huanza kwenye main, na wengi hulishika fundisho hilo kwa miaka mingi bila kupata hasara yoyote. Hasara huja siku wanapoingia kwenye mfumo endeshi wenye kerneli ndogo, wakaiona programu yao imekwama bila kuandika hata herufi moja, na walipoichunguza kwa programu ya kusaka hitilafu wakakuta kwamba main yenyewe haijafikiwa. Hapo ndipo mabishano yanapozuka. Wapo wanaodai kuwa kerneli ndogo zina kasoro ya kimsingi, na wapo wanaolalamika kuwa maktaba ya C imebebeshwa mizigo isiyo yake.

Jambo lenyewe halina fumbo kubwa, ila linahitaji kuelezwa kwa mpangilio. Katika mifumo ya aina hii, hasa GNU Hurd ambayo ndiyo mfano mkuu wa makala haya, kile tunachokiita mchakato hakitoki mikononi mwa kerneli kikiwa kimekamilika. Sehemu yake kubwa hujengwa na maktaba ya C, ndani ya mchakato wenyewe, katika kipindi kifupi kinachotangulia main.

Tuanze na maana za maneno. Mchakato ni programu iliyo katika hali ya kutenda kazi: una eneo lake la kumbukumbu, una uzi mmoja au zaidi wa utekelezaji, na una mambo unayoyamiliki kama vile faili zilizofunguliwa, saraka ya sasa, namba yake ya utambulisho na jina la mtumiaji aliyeuanzisha. Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka kamili juu ya prosesa na kumbukumbu. Katika mifumo kama Linux, kerneli ndiyo pia inayoshughulikia faili, mtandao, utambulisho wa watumiaji na mengine mengi. Kerneli ndogo hujibakizia kazi chache tu, yaani kugawa kumbukumbu, kuzipa nyuzi zamu za kutumia prosesa na kupitisha ujumbe kati ya michakato, huku kazi zote zilizobaki zikifanywa na michakato ya kawaida inayoitwa seva. Maktaba ya C, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa kazi (functions) zilizokwisha kuandikwa, kama open, printf na malloc, ambazo karibu kila programu huzitumia, na humo ndimo pia mlimo msimbo unaotangulia main.

Limebaki neno moja, nalo ni poti. Katika kerneli ya Mach, iliyoanza kutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani mwaka 1985 na ambayo Hurd imejengwa juu yake, poti ni foleni ya ujumbe inayolindwa na kerneli. Mchakato hauigusi foleni yenyewe. Unapewa namba inayowakilisha haki ya kutuma ujumbe au haki ya kuupokea, na namba hiyo haina maana yoyote nje ya mchakato uliopewa. Mwenye haki ya kutuma kwenye poti ya seva anaweza kuomba huduma ya seva hiyo, na asiye nayo hana njia hata ya kuitaja.

Sasa tazama hali ya Linux, kwa ufupi tu, kwa kuwa imeelezwa mara nyingi. Mchakato unapoomba kuanzisha programu mpya kwa exec, kerneli husoma faili ya programu, huipanga kwenye kumbukumbu, kisha huweka juu ya staki, yaani eneo la kumbukumbu la matumizi ya muda la uzi, idadi ya hoja (maneno ya amri iliyoandikwa), hoja zenyewe, vigeu vya mazingira, na orodha ya nyongeza yenye mambo kama ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Kwa kawaida faili zilizokuwa wazi zinaendelea kuwa wazi kwa sababu jedwali lake limo ndani ya kerneli. Namba ya mchakato ni ile ile, saraka ya sasa ni ile ile. Maktaba huamka ikakuta kila kitu kipo, ikapanga mambo yake machache na kuiita main.

Kerneli ya Mach haijui faili ni nini. Haijui saraka, haijui mtumiaji, wala haijui namba ya mchakato. Inachokijua ni kazi (task), kwa maana ya eneo la kumbukumbu lenye haki za poti, na nyuzi zilizomo. Programu inayoanza hapo iko katika hali ya msafiri aliyeshushwa usiku kwenye mji asioufahamu, akiwa hana mzigo wala anwani, ila ana namba moja tu ya simu: akiipiga, anayepokea humweleza yeye ni nani, ametoka wapi, na nani wengine wa kuwapigia. Namba hiyo moja ni poti ya kuanzia, ambayo Mach huiruhusu kila kazi kuwa nayo.

Ni nani anayepokea upande wa pili? Katika Hurd ni seva ya exec. Programu ya zamani inapotaka kuanzisha mpya, maktaba yake hukusanya kila kitu kinachopaswa kurithiwa na kukituma kwa seva ya mfumo wa faili inayoimiliki faili ya programu, nayo seva hiyo hukipeleka kwa seva ya exec. Exec huisoma faili, huzipanga sehemu zake kwenye kumbukumbu ya kazi husika, huweka poti ya kuanzia, kisha huuruhusu uzi wa kwanza uanze. Amri za mwanzo kabisa zinazotekelezwa ni za maktaba: inaiuliza kerneli poti yake ya kuanzia ni ipi, inatuma ujumbe mmoja kupitia poti hiyo, na inasubiri jibu.

Jibu hilo ndilo kiini cha habari yote. Linabeba hoja za programu na vigeu vya mazingira, linabeba jedwali la poti za faili zilizo wazi, na linabeba safu mbili ndogo. Safu ya kwanza ina poti sita, zikiwemo ya saraka ya sasa, ya saraka ya mzizi, ya seva ya utambulisho inayoitwa auth, na ya seva ya michakato inayoitwa proc. Safu ya pili ina namba tano, zikiwemo kinyago cha ruhusa za faili mpya, ishara zilizozuiwa (ishara ni taarifa fupi ya kuukatiza mchakato) na ishara zinazopuuzwa. Mambo ambayo mtu wa Unix huyahesabu kuwa sifa za asili za mchakato yamefika yote ndani ya ujumbe mmoja.

Hoja zenyewe hazifiki zikiwa zimepangwa kama main inavyozitarajia. Zinakuja kama mfululizo mmoja wa baiti, kila hoja ikimalizwa na baiti ya sifuri. Mtu akiandika amri ls -l, kinachofika ni baiti sita: l, s, sifuri, kistari, l, sifuri. Maktaba huzihesabu sifuri, ikapata mbili, ikatenga safu yenye nafasi tatu, ikaweka kwenye nafasi ya kwanza anwani ya baiti ya kwanza, kwenye ya pili anwani ya baiti ya nne, na ya tatu ikaiacha tupu kuonyesha mwisho. Hiyo ndiyo argv. Watu wengi hudhani kuwa imetengenezwa na kerneli, na kwenye Linux wako sahihi, lakini hapa imetengenezwa na programu inayoitumia, kwa mkono wake yenyewe, sekunde moja haijapita tangu izaliwe.

Ugumu wa kweli uko kwenye utaratibu wa kutangulizana, na nadhani ndipo wasomaji wa msimbo huu wanapopotea. Ili utume ujumbe na kupokea jibu, unahitaji poti ya kupokelea majibu, na katika hali ya kawaida kila uzi huwa na yake, ikihifadhiwa katika eneo la kumbukumbu lililo mali ya uzi huo peke yake. Eneo hilo bado halijaandaliwa. Haliwezi kuandaliwa kabla ya kujua mpangilio wa programu, na mpangilio huo umo ndani ya jibu la ujumbe ambao bado haujatumwa. Maktaba huukata mduara huu kwa kutumia poti moja ya pamoja ya majibu mwanzoni, jambo lisilo na hatari kwa kuwa uzi ni mmoja tu, kisha huhamia kwenye utaratibu wa kawaida maeneo ya nyuzi yakishakuwa tayari.

Mduara wa pili unamhusu kiunganishi, yaani ile programu ndogo inayotafuta maktaba za pamoja na kuziunganisha na programu wakati wa kuanza. Kazi yake inahitaji kufungua faili. Kufungua faili ni kazi ya open, na open imo ndani ya maktaba ya C, ambayo ni mojawapo ya faili ambazo kiunganishi bado hakijazifungua. Kwenye Linux tatizo hili ni jepesi kwa sababu kufungua faili ni ombi moja kwa kerneli. Kwenye Hurd, kufungua faili ni mazungumzo na seva ya mfumo wa faili, yakianzia kwenye poti ya saraka ya mzizi. Kwa hiyo kiunganishi kimebeba matoleo yake mafupi ya kazi hizo, na ndicho kinachopiga ile simu ya kwanza kwa exec. Kikishamaliza kazi yake, hukabidhi yale yaliyopokelewa kwa maktaba kamili, nayo haihitaji kuuliza tena.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya kugawa vitu mahali pake. Kila poti iliyomo kwenye jedwali la faili hugeuzwa kuwa namba ya faili: poti ya nafasi ya sifuri ni ingizo la kawaida, ya moja ni tokeo la kawaida, ya mbili ni tokeo la makosa. Jedwali hilo linakaa katika kumbukumbu ya mchakato wenyewe, na kuandika kwenye faili namba moja kunamaanisha kwamba maktaba inaitafuta poti iliyo kwenye nafasi hiyo na kutuma ujumbe kwa seva husika. Seva ya proc, ambayo ndiyo inayotunza namba za michakato kwa kuwa Mach hainazo, huulizwa namba ya mchakato huu na jibu likahifadhiwa. Baadaye getpid husoma tu kigeu kilichomo ndani ya maktaba. Proc nayo huelezwa ni wapi kwenye kumbukumbu ilipo argv, ili amri kama ps ziweze kuwaonyesha watu wengine programu hii iliitwa kwa hoja zipi.

Linalofuata huwashangaza hata wazoefu. Maktaba huanzisha uzi wa pili. Programu ya mistari mitatu inayosalimu na kutoka, ambayo mwandishi wake hajawahi kusikia habari za nyuzi, kwenye Hurd huwa na nyuzi mbili. Uzi huo wa pili kazi yake ni kusubiri ishara. Kwa kuwa Mach haina ishara za Unix, ishara hapa ni ujumbe: anayetaka kuitumia kill, yaani kutuma ishara, huuliza proc poti ya ujumbe ya mlengwa, kisha hutuma ujumbe huko. Uzi wa ishara huupokea, hukagua kama mtumaji ana haki, huusimamisha uzi mkuu, huzibadilisha rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya prosesa vinavyoshika hali ya uzi, ili ukiamshwa ujikute ndani ya kazi ya kushughulikia ishara, kisha huuamsha. Kazi ya kuufikishia mchakato ishara, ambayo kwenye Linux hufanywa na kerneli pale unapobonyeza Ctrl na C, hufanywa hapa na uzi ulioandaliwa kabla ya main.

Ushirikiano huu wa karibu kati ya maktaba na seva haukutokea kwa bahati. Roland McGrath, aliyeianzisha glibc, yaani maktaba ya C ya GNU, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa pia miongoni mwa waandishi wa Hurd, mradi ulioanza mwaka 1990, na ukisoma msimbo wa pande zote mbili unauona mkono uleule.

Yako maswali ambayo huulizwa kila mara, na la kwanza linahusu usalama. Ikiwa jedwali la faili, namba ya mchakato na kinyago cha ruhusa viko katika kumbukumbu ya programu yenyewe, je, programu mbaya haiwezi kuvibadilisha ikajifanya ni ya msimamizi? Inaweza kuvibadilisha itakavyo, lakini haitapata kitu. Kigeu chenye namba ya mchakato ni nakala tu, na proc inaujua mchakato kwa poti uliyoipata, wala haijali mchakato unajiitaje. Kinyago cha ruhusa ni kizuizi ambacho mtu hujiwekea mwenyewe. Na utambulisho wa mtumiaji ni haki ya kutuma kwenye poti fulani ya auth, haki ambayo inatunzwa na kerneli na haipatikani kwa kubuni namba. Maktaba imeshika funguo, lakini milango iko kwa seva.

Hata hivyo kuna pahala ambapo hofu hiyo ina msingi, napo ni kwenye programu zinazoanza kwa mamlaka makubwa kuliko ya aliyeziita. Katika Mach, aliye na haki juu ya poti ya kazi anaweza kusoma na kuandika kumbukumbu yote ya kazi hiyo, na inawezekana kabisa kwamba haki hiyo imeshagawiwa kwa wengine kabla ya exec. Kuipa kazi hiyohiyo utambulisho wa msimamizi kungekuwa sawa na kuwapa mamlaka hayo wote waliokwisha kuishika. Kwa sababu hiyo Hurd huunda kazi mpya kabisa, ikaitupa ya zamani, na seva ya exec huweka alama ya tahadhari kwenye maelezo ya kuanzia. Maktaba inapoiona alama hiyo, huacha kuviamini vigeu vya mazingira vinavyoweza kuielekeza ikapakie maktaba za kigeni.

Swali la pili ni kama kila kerneli ndogo hufanya hivi. La hasha. MINIX 3, ambayo kundi la Andrew Tanenbaum liliitoa mwaka 2005, ni ya kerneli ndogo kikamilifu, lakini jedwali la faili limewekwa ndani ya seva ya mfumo wa faili, na namba za michakato ndani ya seva inayosimamia michakato. Hapo maktaba ya programu inayoita exec ndiyo inayoipanga staki mapema, hoja na mazingira vikiwa mahali pake, ikaituma nzima kwa seva. Programu mpya huamka na kuukuta mpangilio unaofanana na wa Unix, na kazi ya kabla ya main inakuwa nyepesi. Zircon, kerneli ya mfumo wa Fuchsia wa Google, imekwenda upande mwingine kabisa. Uzi wa kwanza huanza na mambo mawili kwenye rejista zake: haki ya njia moja ya mawasiliano, na anwani ya msimbo mdogo ambao ndio njia pekee halali ya kuiita kerneli. Kwenye njia hiyo unasubiri ujumbe wenye hoja, mazingira na haki nyingine, kila haki ikiwa na alama ya kueleza ni ya nini. Kisichokuwemo kwenye ujumbe huo mchakato hauna, na wala hakuna fork, lile ombi la Unix la kuunakili mchakato, ya kuurithisha chochote kwa siri. Binafsi naona muundo wa Zircon ni msafi zaidi, ingawa ulikuwa na nafasi ambayo Hurd haikuwa nayo: haukulazimika kuziendesha programu zote za Unix kama zilivyo.

La tatu ni mwendo. Husemwa kwamba ujumbe wote huu ndio unaozifanya kerneli ndogo ziwe nzito. Kwa Mach ya zamani malalamiko hayo yalikuwa na haki, lakini mwaka 1993 Jochen Liedtke alionyesha, kwa kerneli aliyoiandika upya kwa uangalifu, kwamba ujumbe mfupi unaweza kupita kwa kasi ya mara zipatazo 20 kuliko ya Mach kwenye mashine ileile. Isitoshe, ujumbe wa kuanzia unaotajwa hapa si wingi wa kutisha, na kazi ya kutafuta maktaba za pamoja na kuziunganisha iko kwenye kila mfumo, uwe na kerneli ndogo au kubwa.

Limebaki suala la programu za kwanza kabisa. Kompyuta inapowashwa, seva ya exec bado haipo, kwa hiyo hakuna wa kuipokea ile simu. Seva ya mfumo wa faili ya mwanzo hupakiwa na kipakiaji cha kuwashia mashine pamoja na kerneli, ikiwa imeunganishwa tayari na maktaba zake zote ili isihitaji kiunganishi. Maktaba ya C ndani yake huanza kwa msimbo uleule, inauliza poti ya kuanzia, na ikikuta haipo au simu haijibiwi kama inavyotarajia, hurudi kwenye njia ya kizamani ya kusoma hoja kutoka kwenye staki. Maelezo yaliyoachwa na waandishi mahali hapo yanakiri waziwazi kuwa ni jambo la kutumaini: ama hoja zitakuwepo, ama staki itakuwa na sifuri tupu na programu haitaanguka.

Haya yote yanasaidia kumwelewa yule ambaye programu yake ilikwama kabla ya main. Katika hatua hizo hawezi kuandika ujumbe wa kosa, kwa sababu faili namba mbili bado haijawekwa kwenye jedwali. Ishara nayo haitamfikia ikiwa uzi wa ishara haujaanzishwa. Na kwa kuwa karibu kila hatua ni ombi linalosubiri jibu, hitilafu ya seva yoyote kati ya zile zilizotajwa mara nyingi huonekana kwake kama ukimya, wala si kama kuanguka kwa programu. Jambo la kwanza la kukagua ni uzi mkuu umesimama kwenye ujumbe upi, na la pili ni nani mwenye haki ya kupokea kwenye poti hiyo.